Faili ya gemu inagoma kuwa MP4: dalili, sababu na namna ya kuitibu

"Fundi, nimeibadilisha jina ikawa .mp4, mbona bado haichezi?" Swali hili huja kwa sura nyingi, na karibu kila mara chanzo ni kilekile: mtu ameanza kugeuza kabla ya kujua ana kitu gani mkononi. Jina la faili ni lebo tu. Watengenezaji wa gemu huipa faili jina lolote linalowafaa, .dat, .bin, .bik, .usm, hata bila nukta kabisa, na ukiiandika upya .mp4 hujagusa kilichomo ndani.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta ile inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza iliyotajwa, kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi, kisha ushuke. Ila sehemu inayofuata usiiruke, hata kama una haraka.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili faili kwenye folda nyingine, ufanyie kazi hiyo nakala. Usiihamishe ya asili, maana kuna gemu zinazokataa kuwaka zikikosa video yao ya mwanzo.

Zana za kuanzia ni tatu na zote ni za bure: FFmpeg, ya kugeuza video (inakuja pamoja na ffprobe, ya kukagua kilichomo ndani ya faili), VLC, ya kuchezea video, na programu ya kusomea baiti kama HxD. Zipakue kwenye tovuti za wenyewe. Ukurasa unaokuahidi "kodeki zote kwa pamoja", au unaotaka uzime kinga ya virusi kwanza, ufunge. Hakuna fomati ya gemu inayohitaji kinga izimwe ndipo isomeke.

Sasa fungua dirisha la amri la kompyuta umwulize ffprobe:

ffprobe movie01.dat

Akikutajia mkondo wa video na wa sauti, kazi imekwisha nusu. Akinyamaza au akitoa kosa, fungua faili kwa HxD utazame mstari wa kwanza. Upande wa kulia kuna herufi, na hizo ndizo zinazosema ukweli:

- BIK na herufi ndogo moja baada yake: Bink ya kwanza, fomati ya video za gemu. KB2: Bink 2. Tofauti hii ni kubwa, tutairudia.
- SMK2 au SMK4: Smacker, ya gemu za miaka ya 1990.
- CRID: USM ya kampuni ya CRI ya Japani.
- MVhd au SCHl: faili za EA, zikiwemo FIFA za zamani.
- FORM, kisha mbele kidogo WVQA: sinema za Westwood, kama zile za Command & Conquer.
- PSMF: video za PSP, zenye jina la .pmf.
- Baiti 00 00 01 BA: MPEG, wakati mwingine ikiwa imevaa jina la .sfd.
- Baiti 30 26 B2 75: WMV ya kawaida.
- Baiti 1A 45 DF A3: MKV au WebM.
- ftyp kuanzia baiti ya tano: MP4 halisi.
- HL2DEMO au PBDEMS2: hii si video. Nenda moja kwa moja kwenye dalili ya pili.

Chukulia faili ya movie01.dat. Unaifungua, mstari wa kwanza unasomeka 00 00 00 20 66 74 79 70, na upande wa herufi unaona "ftyp". Hiyo ni MP4 iliyofichwa nyuma ya jina. Haihitaji kugeuzwa, inahitaji kuhamishiwa kwenye jina lake tu:

ffmpeg -i movie01.dat -c copy movie01.mp4

Kazi ya sekunde chache, na ubora haupungui hata chembe, kwa sababu `-c copy` inahamisha picha na sauti bila kuzikandamiza upya. Watu wengi hukesha wakigeuza faili za namna hii kwa programu nzito, wakapata video mbaya kuliko waliyoanza nayo.

Dalili ya kwanza: "Invalid data found when processing input"

Maana yake FFmpeg amesoma mwanzo wa faili asione kitu anachokitambua.

Sababu ya kawaida kabisa: ulichonacho ni kifurushi, na video imo ndani pamoja na vitu vingine. Faili za .pak, .big, .vpk, .mix na .img ni maghala, na ghala la gigabaiti 2 linaweza kubeba sinema kumi, sauti mia na picha elfu. Lifungue kwanza. Kwa .mix za Westwood ipo XCC Mixer. Kwa maghala mengine mengi ipo QuickBMS, inayotumia hati ndogo ya maelekezo (script) iliyoandikwa kwa ajili ya gemu husika. Tafuta hati ya gemu yako kwa jina lake kamili na mwaka wake, kwani hati ya toleo la pili huenda isifungue la kwanza.

Sababu ya pili: hakuna video popote. Hapa wapenzi wa GTA San Andreas huchoka bure. Ndani ya folda yake ya movies kwenye kompyuta kuna Logo.mpg na GTAtitles.mpg, ambazo ni MPEG za kawaida na VLC anazicheza bila shida. Lakini vile vipande vya hadithi, CJ akizungumza na Big Smoke, havimo. Havikurekodiwa kama video. Gemu yenyewe huvichora papo hapo, ikitumia maelekezo ya miondoko yaliyohifadhiwa ndani ya cuts.img. Hakuna programu itakayokugeuzia maelekezo yale yawe MP4. Ukitaka kipande hicho, cheza gemu urekodi skrini kwa OBS Studio.

Sababu ya tatu: FFmpeg wako ni mzee. USM, kwa mfano, ilianza kusomeka katika toleo la 6.1 la mwaka 2023. Andika `ffmpeg -version` uone namba kabla ya kulaumu faili.

Sababu ya mwisho, na hapa ndipo pa kusimama: faili imefungwa kwa ufunguo. Ukifungua kwa HxD unaona baiti zimevurugika tangu mwanzo bila herufi yoyote inayosomeka, au ni USM inayotambulika lakini picha inatoka kama mchanga wa rangi. Wenye gemu wameifunga kwa makusudi. Kuvunja kufuli hilo kunaweza kukuingiza kwenye mambo ya sheria, na wanaokuuzia "funguo" mitandaoni mara nyingi wanakuuzia virusi. Kama kazi ni ya halali, tuseme ya kituo cha televisheni au ya utafiti, andikieni kampuni iliyotoa gemu. Kwa matumizi ya nyumbani, rekodi skrini.

Dalili ya pili: faili ni ndogo mno, na mchezo wote umo humo

Mechi nzima ya Dota 2 au Counter-Strike ndani ya faili ya .dem iliyo ndogo mno kwa mchezo wa muda huo. Ukipiga hesabu unaona haiwezekani kuwa video, na kweli si video. Ni kumbukumbu ya nani alikwenda wapi, alifyatua nini, sekunde gani. Gemu ndiyo inayoisoma na kuichora upya. Hali ni hiyohiyo kwa .rofl za League of Legends na .SC2Replay za StarCraft II.

Njia ni moja: fungua marudio hayo ndani ya gemu, uyarekodi. Fanya mapema. Gemu ikisasishwa, marudio ya toleo la zamani mara nyingi hugoma, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Kwa gemu za injini ya Source za zamani, kama Team Fortress 2, kuna njia safi kuliko kurekodi skrini. Fungua dirisha la amri la gemu, andika `host_framerate 60`, halafu `startmovie klipu`, na mwisho `endmovie`. Gemu itatoa picha moja moja za TGA pamoja na faili ya sauti ya WAV. Haijalishi laptopu yako ni dhaifu kiasi gani: gemu itajikokota, lakini hakuna fremu itakayorukwa. Angalia nafasi ya diski kwanza. Picha moja ya 1920 kwa 1080 ni takriban megabaiti 6.2, na kwa fremu 60 kila sekunde, dakika moja inakula gigabaiti 22 na zaidi. Kata vipande vifupi. Kisha:

ffmpeg -framerate 60 -i klipu%04d.tga -i klipu.wav -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac klipu.mp4

Ukisahau `-framerate 60`, FFmpeg atachukulia fremu 25 kwa sekunde. Video itakuwa ndefu mara 2.4, watu watatembea kama wako ndani ya maji, na sauti itaisha zamani picha ikiendelea.

Dalili ya tatu: sauti inatoka, picha hakuna

Tazama kwanza inatokea wapi. Kama ni kwenye faili ya asili, soma maandishi ya FFmpeg. Ukikuta "Bink 2 video is not implemented", umepata jibu. FFmpeg anaijua Bink ya kwanza vizuri sana, lakini picha ya Bink 2 hana msomaji wake. Usipoteze bando kupakua matoleo tofauti tofauti ya FFmpeg. Tumia RAD Video Tools, programu ya Windows kutoka kwa RAD Game Tools, watengenezaji wa Bink wenyewe, ambao tangu 2021 wako chini ya Epic Games. Chagua faili, bonyeza kitufe cha kugeuza, upate AVI. Kisha hiyo AVI uipeleke kwa FFmpeg iwe MP4.

AVI isiyokandamizwa ni mnyama. Video ya 1280 kwa 720 yenye fremu 30 inakula takriban megabaiti 83 kila sekunde, karibu gigabaiti 5 kwa dakika. Ukiielekeza kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, itakatika kabla dakika haijaisha, na utadhani programu ndiyo mbovu. Andikia kwenye diski ya ndani yenye NTFS.

Kama faili ya asili ilikuwa sawa na MP4 uliyoitoa inacheza kwenye kompyuta, ila kwenye simu au runinga unaona weusi na kusikia sauti tu, tatizo ni lingine kabisa. Hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote kwenye video za gemu za zamani. Smacker huhifadhi picha kwa rangi 256 za kuchagua. RoQ, fomati iliyotumiwa na id Software, hutoa rangi kamili kwa kila nukta. FFmpeg kwa kutaka kutopoteza chochote hutengeneza H.264 (mbinu ya kukandamiza picha za MP4) ya aina ya yuv444p, yaani ya rangi kamili kwa kila nukta, ambayo simu nyingi haziwezi kuisoma. Dawa ni maneno mawili:

ffmpeg -i intro.smk -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k intro.mp4

Hayo `-pix_fmt yuv420p` yaweke kila unapogeuza video ya gemu kwa ajili ya watu wengine. Hayadhuru kitu pale yasipohitajika, isipokuwa kwa video zenye uwazi, ambazo zina sehemu yao hapo chini.

Dalili ya nne: picha ni safi, sauti haipo au haijakamilika

Hapa mambo ni mengi, twende polepole.

Angalia kwanza mikondo ya sauti ni mingapi. Faili ya Bink inaweza kubeba kadhaa: muziki na milio kwenye mmoja, mazungumzo ya Kiingereza kwenye wa pili, ya Kifaransa kwenye wa tatu, na kadhalika. Usipomwambia FFmpeg lolote, huchukua mmoja tu. Ndiyo maana unasikia muziki lakini midomo ya wahusika inacheza kimya. Endesha ffprobe, hesabu mistari yenye neno Audio, kisha usikilize mmoja mmoja:

ffmpeg -i intro.bik -map 0:a:1 sauti1.wav

Hesabu huanza na sifuri, kwa hiyo `0:a:1` ni mkondo wa pili. Ukishajua muziki uko wapi na mazungumzo unayoyataka yako wapi, changanya mikondo hiyo:

ffmpeg -i intro.bik -filter_complex "[0:a:0][0:a:1]amix=inputs=2:normalize=0[s]" -map 0:v -map "[s]" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac intro.mp4

Bila `normalize=0` kila mkondo utapunguzwa nguvu na filamu nzima itasikika hafifu. Ukiiweka, sikiliza sehemu zenye kelele; zikipasuka, shusha kidogo kwa kuongeza `,volume=0.8` kabla ya `[s]`.

Ikiwa ffprobe haoni sauti yoyote, huenda haimo humo kabisa. Gemu nyingi za siku hizi huweka picha mahali pamoja na sauti mahali pengine, ndani ya faili za .wem au .fsb zinazosimamiwa na mifumo kama Wwise na FMOD. Tafuta faili ya sauti yenye urefu wa muda unaolingana na video. vgmstream huisoma na kuitoa kama WAV, kisha unaiunganisha na picha kama tulivyofanya kwa klipu ya TGA hapo juu.

Sababu ya tatu ni ya wenye CD za PlayStation ya kwanza, na inaumiza kwa kuwa kosa hufanyika siku nyingi kabla hujaliona. Sekta moja ya CD ina baiti 2352. Data ya kawaida hutumia 2048 kati ya hizo, na nyingine ni za alama za sekta na za kurekebisha makosa. Sauti ya XA (fomati ya sauti ya CD hizo) iliyosukwa ndani ya video za .STR hutumia sekta za aina nyingine, zenye baiti 2324 za mzigo. Programu iliyonakili CD kuwa ISO (faili moja ya nakala ya CD) ya baiti 2048 ilikata mkia wa kila sekta ya sauti. Picha inabaki, sauti inakuwa mikwaruzo au kimya, na ISO hiyo haitengenezeki tena. Rudi kwenye CD, uinakili kama BIN na CUE, sekta nzima nzima, kisha ifungue hiyo BIN kwa jPSXdec. Itakuorodheshea kila video iliyomo na kuitoa na sauti yake.

Kwa .pmf za PSP, picha ni H.264 na hutoka kirahisi. Kinachosumbua ni sauti, ambayo ni ya fomati ya ATRAC3plus. Ikigoma, endesha gemu kwenye PPSSPP, programu inayoiga PSP kwenye kompyuta, na utumie sehemu yake ya kurekodi skrini na sauti.

Dalili ya tano: sauti na midomo haviendi pamoja

Pima mwanzo, katikati na mwisho wa video. Jibu lako liko kwenye vipimo hivyo vitatu.

Tofauti ikiwa ileile tangu mwanzo hadi mwisho, sauti imechelewa au imewahi kuanza. Itelezeshe. Mfano huu unaichelewesha sauti kwa nusu sekunde:

ffmpeg -i video.mp4 -itsoffset 0.5 -i video.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy sawa.mp4

Ikiwa sauti ndiyo inayochelewa, weka -0.5.

Tofauti ikianza na sifuri na kukua kadiri video inavyoendelea, kasi ya fremu ndiyo iliyokosewa. Anayeandika 30 mahali pa 29.97 atapotea sekunde 3.6 kwa kila saa. Kwenye kipande cha dakika mbili hataona, kwenye filamu ya gemu nzima iliyounganishwa ataona sana. Rudi kwenye faili ya asili, soma kasi kwa ffprobe, ugeuze upya. Usijaribu kuibana sauti ili ifuate picha iliyokosewa, maana sauti za watu zitabadilika.

Tofauti ikirukaruka, leo mbele, kesho nyuma, kuna fremu zilizopotea. Hiyo ni dalili ya faili iliyoharibika. Soma ya saba.

Dalili ya sita: umbo na rangi

"Height not divisible by 2" ni kosa dogo lenye kutisha bure. Gemu za zamani zilikuwa na vipimo vyovyote, hata urefu wa nukta 271, na yuv420p hutaka namba shufwa. Ongeza:

-vf "pad=ceil(iw/2)*2:ceil(ih/2)*2"

Picha itaongezewa mstari mmoja mweusi na hakuna atakayeuona.

Watu wamenenepa na kufupika? Gemu ya DOS ya 320 kwa 200 ilitazamwa kwenye skrini ya 4:3, nukta zake zikiwa ndefu kuliko upana wake. Ukiicheza kwa nukta za mraba, kila uso unabonyea. Mara tano kwa upana na mara sita kwa urefu hukupa 1600 kwa 1200, ambayo ni 4:3 kamili bila salio lolote:

-vf scale=1600:1200:flags=neighbor

Hilo `neighbor` hulinda kingo za nukta zisiwe ukungu. Litumie kwa michoro ya nukta nukta; kwa sinema zilizopigwa na waigizaji halisi, liache.

Rangi zimefifia au weusi umekuwa mzito kupita kiasi: faili ilitumia kipimo kamili cha mwanga na kichezeo chako kinasubiri kile kifupi, au kinyume chake. RoQ ni mhusika wa kawaida. Jaribu `-vf scale=in_range=full:out_range=limited`.

Moshi, moto au nembo vina kiunzi cheusi pembeni: video ina tabaka la uwazi, na H.264 ya kawaida hailibebi. Ukiihitaji kwa ajili ya kuhariri, itoe kama ProRes 4444 ndani ya .mov (`-c:v prores_ks -profile:v 4444 -pix_fmt yuva444p10le`). Ukiona picha imegawanyika mara mbili, kushoto rangi, kulia kivuli cheupe na cheusi, hilo tabaka limewekwa pembeni; kata nusu kwa `-vf crop=iw/2:ih:0:0` ubaki na rangi.

Dalili ya saba: inafika mahali fulani inaganda

Linganisha ukubwa kwanza. Faili iliyopakuliwa nusu, au iliyonakiliwa kwenye flashi ikachomolewa mapema, ndiyo sababu ya mara nyingi. Bink inakurahisishia kazi: baiti ya tano hadi ya nane, zikisomwa kuanzia ndogo, hutaja ukubwa wa faili ukiondoa baiti nane za kwanza. HxD hukuonyesha namba hiyo ukiweka kishale pale. Ikizidi ukubwa wa faili yako halisi, mkia umekatika. Kwa gemu za Steam, tumia sehemu ya kukagua faili za gemu, nayo itapakua upya kile kilichoharibika tu.

Kama huna pa kuipata nyingine, okoa kilichopo:

ffmpeg -err_detect ignore_err -i intro.bik -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -c:a aac nusu.mkv

Kuna jambo lingine linalofanana na hili, nalo tunalifahamu vizuri: umeme umekatika ukiwa unarekodi au unageuza. MP4 huandika orodha yake ya mwisho pale kazi inapofungwa. Ikikatizwa, unabaki na gigabaiti za picha na kosa la "moov atom not found". Zipo zana za kujaribu kuijenga upya orodha hiyo kwa kutumia video nyingine nzima iliyorekodiwa kwa mipangilio ileile, lakini usizitegemee. Weka OBS irekodi kwa MKV, ambayo hubaki inasomeka hata ikikatwa katikati, kisha uihamishe kwa `-c copy` iwe MP4 ukimaliza.

Laptopu ikizima yenyewe katikati ya kugeuza bila umeme kukatika, iguse chini. Ikiwa inaunguza, imejilinda na joto. Iweke juu ya meza ngumu, punguza kazi kwa kuongeza `-threads 2`, usiendelee kuiwasha na kuilazimisha. Ikizima tena, mpelekee fundi aisafishe feni na kubadilisha mafuta ya prosesa.

Mahali pa kuacha na kumwita mtaalamu

Hili linahusu faili zilizo kwenye CD za zamani na diski zinazokufa. Watu hupoteza kumbukumbu zao hapa kwa kuendelea kujaribu.

CD yenye mikwaruzo, ifute kwa kitambaa laini kikavu kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Ijaribu kwenye kisomeo kingine, kwani visomeo hutofautiana sana. Usiipake dawa ya meno wala kuisugua kwa mchanga laini kama CD hiyo haina mwenzake. Na ukiona nyufa zinazoanzia kwenye tundu la katikati, usiirudishe ndani kabisa: ikizunguka kwa kasi inaweza kupasuka vipande.

Hard disk inayogonga, inayolia "tik, tik, tik", au inayotoweka na kurudi kwenye orodha: izime sasa hivi. Usiifomati, usiendeshe programu ya kurekebisha makosa, usijaribu kugeuza "angalau ile moja muhimu". Kila sekunde inayozunguka inaweza kukwangua zaidi. Kama haina mlio wowote ila ina sekta mbovu, anayejua Linux anaweza kuinakili nzima kwa ddrescue kwenda diski nyingine, kisha kazi yote ifanyike kwenye nakala. Kama inagonga, hiyo ni kazi ya wanaookoa data wenye chumba kisicho na vumbi. Muulize fundi kabla hujamwachia: je, ataifungua diski mezani? Akisema ndiyo, ichukue uondoke nayo.